Bandari Inayopanda Mto: Kisa cha Kilindini na Udongo wa Mwache

Kila anayevuka Likoni kwa feri anavuka mto. Haudhaniwi kuwa mto, kwa sababu maji ni ya chumvi, yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na meli za kontena zenye urefu wa zaidi ya mita 200 hupita humo humo. Lakini chini yake ni bonde lenye kingo mbili, na lililolichonga ni maji ya mvua yaliyoteremka kutoka bara. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, katika zama za barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa mita 120 hivi. Mito ya nyuma ya Mombasa ilikuwa na mteremko mrefu wa kushuka, ikaukata mwamba wa matumbawe kwa kina kirefu kuifuata bahari ilikokwenda. Barafu ilipoyeyuka bahari ikarudi, ikaingia mabondeni na kuyameza. Kilima kilichobaki katikati ndicho kisiwa.

Mabonde yaliyozama ni mawili. La kaskazini ni hori ya Tudor, inayopokea mito ya Kombeni na Tsalu. La kusini magharibi ni Kilindini, ambalo likipanda bara hupanuka na kuitwa Port Reitz, kwa jina la luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyekufa 1824. Humo humwagika Mwache, Mambone na Cha Simba, na Mwache ndio mkubwa. Nyuma ya kisiwa mabonde haya yanashikana kwa shingo nyembamba ya Makupa.

Kisa chenyewe ni hiki. Bandari ya mji huu haijawahi kutulia mahali pamoja. Ilianza mlangoni mwa bonde la kaskazini, ikahamia bonde la kusini, na tangu hapo karibu kila gati jipya limejengwa ndani zaidi kuliko lililotangulia, kuelekea midomo ya mito. Majina ya mahali yanasimulia safari hiyo bila kuhitaji ramani. Kilindini ni penye kilindi, maji marefu. Mahali bandari inakokwenda sasa panaitwa Dongo Kundu, yaani udongo mwekundu. Bandari iliyoishi kwa kina imeanza kusogea kunakotoka udongo, na jambo hilo lina hesabu zake.

Bandari ya Kale

Kwa jahazi hapakuwa na pahala bora kuliko mlango wa Tudor. Chombo cha tanga hakidai kilindi. Kinadai maji tulivu, ufuo mlaini wa kukaushia, na visima vya kujazia mapipa. Vyombo vya Arabuni, Ghuba na Uhindi vilikuja na kaskazi kati ya Desemba na Machi, vikipakua tende, mazulia, vyombo vya udongo na samaki mkavu. Vilisubiri upepo ugeuke, kisha vikarudi na kusi vikiwa na pembe, nafaka, samli na boriti za mikoko. Miezi hiyo ya kusubiri ndiyo iliyoulisha mji. Nahodha na mabaharia wake walipanga nyumba, walinunua chakula, walioa, walikopa na kukopesha, walitengeneza vyombo. Anayetaka kuuelewa uchumi wa Mji wa Kale asihesabu bidhaa peke yake, ahesabu pia siku ambazo chombo kilikaa bandarini bila kwenda popote.

Kazi ya kukausha chombo inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo iliyowafundisha watu wa pale kuyahesabu maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi; siku za maji mafu tofauti ni kama mita 1 tu. Chombo kilipelekwa ufuoni maji yakiwa yamejaa, kikafungwa na kuegemezwa kwa magadi, yaani miti ya kukiegemeza, ubavu na ubavu. Maji yakipwa, mafundi walikuwa na saa chache za kukwangua chaza na majani ya bahari, kutia kalfati, yaani kuzishindilia nyufa pamba iliyolowa mafuta, kisha kupaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, sehemu yote inayozama. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, na harufu yake haikumwacha mtu siku ile. Kosa lililowaponza wageni ni kukipandisha chombo siku ya kilele cha bamvua. Maji ya siku zinazofuata hayafiki tena pale, na chombo kilibaki juu mpaka bamvua lijalo, karibu wiki mbili baadaye. Fundi mzoefu alikipandisha siku mbili tatu kabla ya kilele.

Mlango huu mwembamba uliweza pia kulindwa. Wareno walifika 1498, wakauchoma mji 1505, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe ambapo kila chombo kiingiacho kilipita chini ya mizinga. Ngome ilizingirwa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, ikaangukia mikononi mwa Waomani. Katikati ya mzingiro, 1697, meli ya Kireno Santo António de Tanná iliyoleta msaada ilizama mbele yake. Wapiga mbizi waliichunguza mwishoni mwa miaka ya 1970, na vitu vyake vimo katika makumbusho ya ngome. Kuanzia 1895 mpaka 1958 ngome ilikuwa jela. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Msikiti wa Mandhry wa 1570 na nyumba ya Leven, iliyotumiwa na Waingereza katika ulinzi wao mfupi wa 1824 hadi 1826, viko hatua chache kutoka ngazi za kushukia majini. Alama zote kubwa za mji wa zamani zimejipanga kuutazama mlango mmoja wa maji.

Bandari ya Kale ilizidiwa na meli ya moshi. Jahazi likikosa maji hulala ubavu na kungoja. Meli ya chuma yenye mzigo ikigusa chini huvunjika mgongo. Ikitia nanga, meli huzunguka pale pale kufuata upepo na mkondo, na duara lake hupimwa kwa urefu wa meli ukijumlisha mnyororo uliotolewa. Katika hori ya Tudor meli mbili tatu zilitosha kuziba njia.

Tishari, toroli na gati la kwanza

Upande wa pili wa kisiwa palikuwa na nafasi. Wakilindini, mmoja wa mataifa matatu ya Mombasa, walikuwa na mji wao huko, wakauhama na kuingia Mji wa Kale kabla reli haijafikiriwa. Kilichobaki cha kuonekana ni Nguzo ya Mbaraki, mnara wa matumbawe uliosimama kando ya msikiti, ambao wengi huuhusisha na watu hao. Palikuwa na vichaka na mibuyu, na mbele yake bonde pana lenye maji marefu, lililojificha nyuma ya kona ya Ras Serani mawimbi ya bahari kuu yasilifikie.

Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, nayo ndiyo iliyokata shauri. Reli, mataruma ya chuma, vichwa vya treni na mabomba si mizigo ya kushushwa kwa ngazi za Mji wa Kale na kupitishwa katika vichochoro ambavyo mikokoteni miwili haipishani. Ilishushwa Kilindini. Kwa miaka mingi mji ukawa na vichwa viwili, biashara na ofisi upande mmoja, meli na reli upande wa pili, vikiunganishwa na njia nyembamba ya toroli zilizosukumwa na watu kwa mikono. Barabara ya Kilindini, ambayo sasa ni Moi Avenue yenye zile pembe za ndovu maarufu, ndiyo uti wa mgongo wa muungano huo.

Lakini kuhamia Kilindini hakukuwa na maana ya kupata gati. Kwa miaka 30 hivi meli zilitia nanga katikati ya bonde na mizigo ikashushwa kwa matishari, yaani mashua bapa za mizigo. Winchi ya meli ilinyanyua furushi, ikaliteremsha ndani ya tishari linaloyumba; boti ikalivuta tishari mpaka ufuoni; makuli wakalipakua kwa mgongo au kwa winchi ndogo; furushi likaingia ghalani, kisha behewani. Kila mzigo ulishikwa mara mbili zaidi ya ilivyohitajika, na kila mkono ulioushika ulikuwa na gharama na hatari yake. Magunia yalilowa, masanduku yalipasuka, na siku za kusi kali kazi ilisimama. Magati mawili ya kwanza ya maji marefu yalikamilika 1926, na kufikia 1931 yalikuwa matano. Hapo ndipo bandari ilipohama kweli. Majahazi yaliendelea kuja Mji wa Kale kwa miongo mingine, yakipungua, lakini uzito wa mji ulikuwa umekwisha kuvuka kisiwa.

Uzito huo ulibebwa na watu. Mtaa wa Majengo ulijaa wafanyakazi wa kutwa, Shimanzi ikajaa maghala. Mshahara wa kuli haukutosha kodi na unga, na Januari 1947 watu wapatao 15,000 wa bandari, reli na kazi nyingine waligoma, mji mzima ukasimama. Bandari inapoelezwa kwa tani tu, tukio hili huachwa nje. Lisiachwe, kwa sababu lilionyesha kwamba bonde lenye kina bila mgongo wa mtu halishushi hata gunia moja.

Namba za magati ndizo ramani nzuri ya safari iliyofuata. Namba 1 iko upande wa kisiwa karibu na Mbaraki. Zinapanda kwa mfuatano kuelekea ndani, zinavuka kwenda bara upande wa Kipevu, mpaka gati la 19 la mwaka 2013, la 20 na 21 ya mwaka 2016, na la 22 la mwaka 2022, ambayo yanatazama Port Reitz. Ni bandari inayopanda mto gati kwa gati, ikifuata ardhi tupu kwa sababu kisiwani hakuna tena.

Meli inaingiaje

Meli husubiri nje, kwenye maji makuu. Rubani wa bandari huifuata kwa boti, hupanda kwa ngazi ya kamba ubavuni na kuchukua uongozi wa njia. Kuna lango moja tu kati ya miamba miwili, Leven upande wa kaskazini na Andromache upande wa kusini, yote yenye majina ya meli za Kiingereza. Ndani ya lango njia hugawanyika, ya kulia kwenda Bandari ya Kale, ya kushoto kwenda Kilindini. Meli hukunja kushoto chini ya Ras Serani, ambako familia hukaa jioni Mama Ngina zikila mihogo na kuitazama ikipita karibu kana kwamba inaguswa kwa mkono, kisha huingia kwenye mfereji wa Likoni.

Hapa feri hupisha. Anayeona kwamba meli kubwa ingeweza kupunguza mwendo ili feri imalize hajui jinsi meli inavyofanya kazi. Usukani hushika kwa sababu maji yanapita kwa kasi kando ya bamba lake. Ukipunguza mno, meli haisikii tena, na mkondo wa kupwa huigeuza ubavu ndani ya njia nyembamba. Kwa hiyo hupita kwa mwendo wa kutosha, matagi, boti za kuvuta meli, yakiwa tayari, na baada ya Likoni tu, bonde linapopanuka, ndipo husimamishwa, hugeuzwa na kusukumwa taratibu mpaka gatini.

Hesabu ya kina haina huruma. Mwaka 2012 mlango ulikuwa umechimbwa kufikia mita 15. Chukua meli inayozama mita 13.5. Mabaharia wengi huacha chini ya mkuku, uti wa chini wa meli, nafasi ya angalau asilimia 10 ya kina hicho, yaani mita 1.35, ili msukosuko na mwendo wenyewe visiugongeshe. Jumla ni mita 14.85. Imebaki akiba ya sentimita 15, upana wa kiganja na vidole viwili. Maji yakijaa akiba inakua, ndiyo maana meli nzito hupangiwa saa. Lakini saa za maji makubwa ni chache, na meli inayozikosa hulipa kama nusu siku ya kukaa bure.

Sasa weka tope la sentimita 10 juu ya hekta 100 za bonde. Hizo ni mita za ujazo 100,000. Tipa la mita za ujazo 10 lingehitaji safari 10,000 kuziondoa nchi kavu, na chini ya maji kazi ni ngumu zaidi, maana tope hufyonzwa pamoja na maji na kupelekwa kutupwa mbali. Na tope hilo limekula theluthi mbili za ile akiba.

Udongo

Kisiwa na ufuo wa nje ni matumbawe, mwamba mgumu unaoruhusu mvua kupenya. Ukipita Makupa kuelekea Changamwe, Miritini na Port Reitz mwamba hubadilika kuwa laini, wa tabaka za udongo uliogandamana, unaolainika ukilowa na kuteleza ukikatwa wima. Kila anayejenga huko anaujua kwa kuta zake zinazopasuka. Nyuma zaidi, Mazeras, Samburu na Kinango, mvua ni chache lakini hupiga kwa nguvu. Ardhi iliyokatwa miti kwa makaa, iliyolishwa mifugo mpaka mizizi, au kulimwa mahindi kutoka juu ya mteremko kwenda chini, haiwezi kulipokea tone kubwa la masika. Udongo wa juu huondoka, mwekundu, na Mwache hugeuka rangi ya chai ya maziwa ndani ya saa chache.

Kinachoukamata ni mikoko. Mkoko wenyewe husimama juu ya miguu mingi iliyopinda. Mchu, aina nyingine ya mikoko, hufanya kinyume, mizizi yake hutoka matopeni ikielekea juu kama maelfu ya vidole vilivyosimama, kila kimoja kikivuta hewa maji yakipwa. Maji yenye tope yakipita katikati ya msitu huo hupoteza kasi na kuuacha udongo pale pale. Lakini kazi hiyo ina kipimo. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimwaga udongo mwingi kiasi kwamba vidole vya mizizi vilifukiwa, na mikoko ya mdomo wa Mwache ikafa sehemu kubwa, imekosa pumzi. Mti uliokuwa mtego wa tope ukauawa na tope, na udongo wa mvua iliyofuata ukakosa wa kuuzuia.

Mafuta yalimaliza sehemu nyingine. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka na tani kama 5,000 za mafuta zikaingia hori ya Makupa. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilivuja ndani ya Port Reitz. Makupa ilikuwa na hali mbaya zaidi kwa sababu ilikuwa haina njia ya kujisafisha. Reli ya kwanza ilivuka shingo ile kwa daraja, baadaye daraja likaondolewa na kuwekwa tuta la mawe na udongo. Maji ya Tudor na ya Port Reitz yakaacha kukutana, na kila lililoingia Makupa, mafuta, taka za jaa la Kibarani, maji machafu, likabaki humo kama ndani ya mfuko. Daraja jipya la mita 457 lililofunguliwa 2022 limeurudisha mkondo. Ni kazi iliyofanywa kwa usahihi, na ilichelewa miongo mingi.

Wengi hukimbilia kupanda mikoko, na wengi hupanda mahali pasipofaa. Mche wa mkoko ni rahisi kuokota, mrefu kama penseli nene, hivyo hupandwa kila mahali kwa umbali wa mita moja moja. Ukipandwa juu kwenye tope gumu lililokuwa la mchu, hukauka. Ukipandwa chini sana, hufunikwa na maji kila saa na chaza hujishika juu yake mpaka uinamie. Kabla ya kupanda, tazama kisiki kilichobaki ni cha mti gani, na uhesabu mahali pale pafikiwa na maji mara ngapi kwa mwezi.

Tiba yenyewe iko juu, shambani. Matuta ya fanya juu yanajulikana Kenya nzima, na yanaharibika kwa sababu moja kubwa. Hatua ni hizi: kamba ya mita 10 hufungwa kwenye vijiti viwili vya urefu sawa, pimamaji ndogo ikaning'inizwa katikati, mmoja husimama, mwenzake hupanda na kushuka mteremko mpaka kiputo kitulie katikati, pale huchomekwa kigingi. Vigingi vikifuatana vinaonyesha mstari wa usawa. Huchimbwa mtaro wa sentimita 60 kwa 60, udongo hutupwa upande wa juu kuwa tuta, na juu ya tuta hupandwa majani ya kulishia ng'ombe ili mizizi ilishike. Sababu ya kuharibika ni mstari usio sawa. Palipo chini kidogo maji ya mtaro mzima hukusanyika, hulivunja tuta mahali pamoja na kuchimba korongo baya kuliko shamba lisilo na matuta kabisa.

Udongo huo huo unaidai Mombasa deni la pili. Kisiwa hakina mto wa kunywa. Maji hutoka Marere milimani Shimba, Tiwi, Baricho kwenye mto Sabaki, na chemchemi za Mzima kwa bomba la kilomita 220 hivi lililokamilika 1957. Yote hayatoshi, na ndiyo maana linajengwa bwawa kwenye Mwache lenye lengo la mita za ujazo 186,000 kwa siku kwa ajili ya Mombasa na Kwale. Bwawa hilo litazuia tope lisifike bandarini, lakini kila linachozuia kinakaa ndani yake na kulipunguza. Mkulima wa Kinango anayechimba mtaro wa sentimita 60 anamhudumia rubani wa meli na mama mwenye mtungi Majengo kwa jembe moja, na si haki aendelee kufanya hivyo kwa gharama yake mwenyewe.

Mzigo unapita

Mwaka 2024 bandari ilipitisha kwa mara ya kwanza zaidi ya makontena milioni 2, yakihesabiwa kwa kipimo cha futi 20. Mzigo wa nchi jirani ni sehemu kubwa, Uganda ikiongoza, kisha Sudan Kusini, Kongo na Rwanda. Kwa rekodi hizo mtu angedhani mji umeneemeka kwa kiwango hicho hicho.

Mji wa majahazi uliishi kwa kusubiri. Bandari ya makontena husifiwa kwa kutosubiri, na kila siku inayopunguzwa gatini ni chakula ambacho baharia hakununua mjini. Kilichobaki kwa Mombasa ni kazi zinazozunguka kontena baada ya kushushwa: wakala anayewasilisha hati za forodha, ukaguzi, yadi za makontena za Changamwe na Miritini, lori, fundi wa magurudumu, mama ntilie wa Mazeras na Mariakani. Reli mpya ilianza kubeba abiria 2017 na mizigo muda mfupi baadaye, kisha ikaja amri ya kupeleka makontena ya ndani moja kwa moja Nairobi kwa treni na kuyatolea huko. Kazi zote hizo zikahama pamoja na hati. Yadi zilibaki tupu, madereva walikaa bila safari, watu waliandamana. Amri iliondolewa Septemba 2022. Kwa maoni yetu fundisho la kiuchumi hapa ni la wazi: mji haufaidiki na kontena linalopita, unafaidika na mahali linapofunguliwa.

Bonde lililowapa meli njia limewanyima watu njia. Feri ya Likoni ilianza 1937, na Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakapoteza maisha. Barabara ya kuzunguka kupitia Dongo Kundu sasa inavuka mabonde ya ndani kwa madaraja, la Mteza likiwa la takriban mita 1,440, na kwa mara ya kwanza gari linatoka Miritini hadi Pwani ya Kusini bila kugusa kisiwa wala feri.

Dongo Kundu

Barabara hiyo imefungua ekari 3,000 za eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu, pamoja na mpango wa gati lake. Kwa hoja ya mji kufaidika na kontena linalofunguliwa, hili ndilo pendekezo bora kuliko yote tuliyoyataja, kwa kuwa viwanda vitafungua mzigo hapo hapo. Kwa hoja ya udongo, ni mahali pagumu kuliko yote. Gati lolote hapo litakuwa ndani ya Port Reitz inayopokea tope la Mwache, kwenye kingo za mwamba laini, nyuma ya mikoko ambayo haijapona kikamilifu.

Wajenzi wa gati jipya la mafuta la Kipevu, lililofunguliwa 2022, walilifikiria jambo hili: mabomba yake yamezikwa ndani kabisa ya sakafu ya bahari ili uchimbaji wa baadaye usiyaguse. Hiyo ni kukiri kwamba uchimbaji utarudi. Kinachotakiwa Dongo Kundu ni kukiri huko kuandikwe katika bajeti tangu mwanzo, sehemu ya ada ya kila meli ikapanda juu ya bonde kulipia vigingi, kamba, pimamaji na majembe ya Kinango, na kina cha Port Reitz kupimwa kabla ya masika na mara tu baada yake, mistari ile ile kila mwaka. Vipimo viwili vya namna hiyo vitaonyesha ni sentimita ngapi za udongo wa Kwale zilizoshuka na mvua moja.